Nilivyojifunza kupika waragi safi ukweni Luweero

Mama mkwe wangu hupika waragi, pombe kali ya ndizi ya Uganda, na hakuniruhusu kusogelea pipa la kupikia mpaka nijue kukamua ndizi. Ni mwanamke wa Luweero aliyezoea Kiswahili kwa kuwauzia chakula askari wa Bombo, na mimi nilizaliwa kambini Jinja, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza. Nilipomwambia nataka kujua kazi yake alinijibu, "Mwanangu, waragi haipikwi kwenye pipa. Pipa linatoa tu kile ulichotia." Nimepika vya kutosha sasa kusema kwamba ufundi wote umo katika maneno hayo.

Basi nianze na ndizi. Matooke ya kupika hayafai. Zinatakiwa mbidde, ndizi za pombe, ambazo zikiwa mbichi ni kakasi kiasi cha kukunja ulimi. Mikungu iliyokomaa huvundikwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, au huwekwa darini juu ya meko, siku nne au tano, mpaka ganda liwe njano na liachie lenyewe. Zikimenywa huchanganywa na nyasi ndefu, lusenke, kisha hukandwa kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa. Mwanzoni ni uji mzito tu. Unaendelea kukanda, jasho linatoka, unaona kama hakuna kitu, halafu ghafla juisi inajitenga, inachuruzika nyembamba na tamu, na nyama ya ndizi inabaki imenaswa kwenye nyasi. Huongezwa maji kiasi, huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba ndani ya mtumbwi wa mbao. Baada ya siku mbili tatu imekuwa tonto, pombe nyepesi ya ndizi, na hiyo ndiyo inayopikwa kuwa waragi.

Kuchuja si usafi wa macho tu. Nyama ya ndizi ina pektini, kitu cha asili kwenye matunda, na pektini ikivunjika wakati wa kuchacha huzaa kidogo methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Tena makapi yakiingia kwenye pipa hushika chini na kuungua, na harufu ya kuungua hairudi nyuma hata upike mara ngapi. Tonto yenyewe ipikwe mara inapomaliza kutoa povu. Ukiilaza sana inakuwa siki, na ukali wa siki utakufuata mpaka kwenye chupa.

Kuhusu vyombo mama hana mzaha hata kidogo. Pipa lake lilikuwa la mafuta ya kupikia. Lililobeba dawa za shamba au mafuta ya gari haliingii uani kwake. Paipu ya kupitishia mvuke ni ya shaba, kwa sababu shaba hushika ile harufu ya yai bovu inayotoka kwenye chachu. Nimeona kwingine watu wakipoozea mvuke kwenye rejeta kuukuu ya gari. Rejeta za zamani zimeungwa kwa madini ya risasi, na pombe yenye asidi huila risasi ile pole pole. Mnywaji hataanguka leo, atadhurika miaka. Heri usipike kabisa. Maungio sisi tunaziba kwa unga wa muhogo uliokandwa ukawa mgumu, na mwisho wa paipu unatoka mbali na meko, kwa kuwa mvuke wa pombe ukikutana na moto hulipuka. Pipa lisijazwe zaidi ya robo tatu. Na chombo cha kupokelea kiwe cha kioo au chuma kisichoshika kutu, kwa maana plastiki na pombe kali ya moto havipatani.

Moto mkubwa ni wa mwanzo tu. Mama huweka kiganja kwenye paipu karibu na pipa. Inapoanza kuchoma mkono anavuta magogo nje na kubakiza makaa. Matone ya kwanza yanatoka kama yanajiuliza. Ukiuacha moto uwake, pipa litatapika tonto ndani ya paipu na kazi imeharibika.

Sasa pua. Matone ya kwanza yananuka gundi na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwa lita 40 za tonto tunamwaga kikombe kizima cha chai bila kukionja, na kinachofuata tunapokea kidogo kidogo katika glasi tofauti. Mama hudondosha tone kiganjani, anasugua viganja viwili, anasubiri kali ipae, ndipo ananusa kilichobaki. Alinishika mikono akanifanyisha hivyo kila glasi, hana haraka, mpaka pua yangu ikajua kutenganisha. Ile kali ya gundi inapungua, inapungua, halafu unanusa ndizi mbivu, tamu, kama umefungua lile shimo la kuvundikia. Hapo ndipo pa kuweka chupa. Baadaye utamu unakatika, inakuja harufu ya maboksi yaliyolowa na kimiminika kinaanza kuwa na ukungu. Hiyo ni mkia. Tunaukinga pembeni na kuurudisha katika pipa la mapishi yajayo. Wengi huunganisha mkia na katikati ili kuongeza wingi, na ndiyo maana waragi zao zinakwaruza koo.

Nataka kusema jambo moja waziwazi, kwa kuwa linaua watu. Wapishi wengi huamini kwamba ukishamwaga matone ya kwanza umemwaga sumu yote. Ni kweli methanoli huchemka kwa nyuzi 65 hivi na pombe ya kunywa kwa nyuzi 78, lakini zikichanganyika na maji hazipangi foleni. Methanoli hutoka tangu mwanzo mpaka mwisho. Kumwaga kichwa, yaani yale matone ya kwanza, kunaondoa vitu vingine vibaya na kunasafisha ladha. Hakuwezi kuokoa pombe iliyotiwa sumu. Kinachotulinda ni kwamba tonto iliyochujwa vizuri ina methanoli kidogo mno tangu awali. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli nyingi, na ndizi peke yake haifiki huko. Methanoli ya viwandani, mililita 10 tu zinaweza kupofusha mtu. Kuwasha kijiko cha pombe kuona moto wa buluu hakuthibitishi kitu, kwani methanoli nayo huwaka buluu. Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa au kesho yake akalalamika ukungu machoni, tumbo na kuhema kwa shida, asilazwe nyumbani eti ni uchovu wa pombe. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, dawa ipo ikiwahiwa.

Kipimo changu cha uaminifu wa mpishi ni hesabu. Tuseme tonto ina asilimia 8. Lita 40 zake zina lita 3.2 za pombe tupu, basi. Waragi ya asilimia 40 haiwezi kuzidi lita 8 hata upike kwa uchawi, na ukishatoa kichwa na mkia unapata pungufu ya hapo. Mtu anayekuonyesha pipa kama letu na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa, tena kwa bei ya kutupa, ameongeza kitu, na hatakuambia ni nini. Kwake mimi sinunui wala sinywi.

Mama anauza kwa mwenye leseni, hauzi rejareja uani. Sheria ya Enguli (jina jingine la waragi ya kienyeji) ya mwaka 1965 ilikataza kupika bila leseni, kwa hiyo anayeanza aende kwanza ofisi za wilaya aulize kabla ya kununua paipu. Nasema hivi kwa nia njema: nimeona akina mama wamepoteza pipa, paipu na mtaji kwa asubuhi moja.

Pombe ya mzunguko wa kwanza ni dhaifu, kwa hiyo tunaipika mara ya pili kwa moto mdogo zaidi, na tunakata kichwa na mkia upya. Inatoka kali, asilimia 60 au zaidi. Kuijua nguvu tunatumia kipimo cha kioo kinachoelea, lakini sharti pombe ipoe kwanza, kwa sababu ikiwa ya moto kipimo huzama zaidi na kukuambia ni kali kuliko ilivyo. Kupunguza ni hesabu ile ile: lita 2 za asilimia 60 zina lita 1.2 za pombe tupu, kwa hiyo tunaongeza maji kama lita moja kufika asilimia 40. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi na hufanya waragi iwe na ukungu, kwa hiyo tunakinga ya mvua, tunachuja, tunachemsha. Tunamimina taratibu huku tukikoroga, kisha chupa zinakaa wiki kadhaa kivulini kabla ya mtu yeyote kupewa glasi.