Jua la Bandia kwenye Dirisha la Kaskazini

Siku ile ya Februari tuliingia jumbani saa kumi na moja alfajiri, ingawa kamera ya filamu iliyokuja kupigwa humo haikuanza kazi mpaka saa nne asubuhi. Kwa sisi tuliokuwa upande wa jumba, wa kulinda vitu vyake, saa hizo za giza ndizo zenye uzito kuliko zote. Chumba hupigwa picha kizima kabla wageni hawajatia mguu: kila ukuta, kila pembe ya meza, kila ufa wa zamani, na rula ndogo huwekwa pembeni ili ufa upimike. Bila picha hizo, jioni ukikuta mkwaruzo huwezi kusema ni wa leo au wa karne iliyopita, na watu wa bima hawalipi kwa kumbukumbu za mtu.

Jumba ni Ham House, kando ya mto Thames huko Richmond, kusini-magharibi mwa London. Lilijengwa mwaka 1610, na tangu 1948 liko chini ya National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majumba ya kale. Samani nyingi zilizomo ni zile zile za karne ya 17, za wakati wa Elizabeth Murray, aliyeolewa na Duke wa Lauderdale mwaka 1672. Ndiyo maana watu wa filamu hulipenda. Katika Never Let Me Go ya mwaka 2010 liligeuzwa shule ya bweni. Lakini kile kinachowavutia ndicho kinacholiweka hatarini, kwa kuwa hapa kiti unachokiona ni chenyewe. Kikivunjika hakuna cha akiba.

Kilichokodishwa siku ile kilikuwa Sebule ya Kaskazini, ghorofa ya kwanza. Kuta zake zimetundikwa mazulia ya kufumwa, na humo limesimama kabati la pembe za ndovu la karne ya 17. Umbo lake ni mbao, ndani ni mwerezi, na nje limevikwa vipande vyembamba vya pembe vilivyobandikwa kwa gundi na kuchongwa viwimbi. Mbao hutanuka na kunywea kwa kadiri yake, pembe kwa kadiri nyingine. Hewa ikikauka ghafla, mbao huvuta huku na pembe huvuta kule, gundi iliyozeeka inaachia katikati, kipande kinainuka. Kikishainuka, mkono wa nguo ya mwigizaji unatosha kukivunja.

Tulianza na sakafu. Chini kabisa tulitandika sponji nyembamba, juu yake hadibodi, na maungio yakafungwa kwa utepe unaoshika ubao kwa ubao tu. Utepe haugusi sakafu hata kidogo, kwa sababu ukibanduliwa huondoka na nta, na wakati mwingine huondoka na kibanzi cha ubao. Kila mguu wa stendi ya taa ulivishwa mpira wa tenisi uliokatwa msalaba. Pale reli ya kamera ilipopita tuliongeza plaiwudi nene, maana kamera na kigari chake pamoja na mpiga picha aliyekaa juu hufika kilo 300, na mzigo huo ukiachwa juu ya magurudumu manne peke yake huacha alama. Ngazi Kuu, iliyochongwa miaka ya 1630 ikiwa na silaha kwenye paneli zake na vikapu vya matunda juu ya nguzo, ilifungwa mablanketi mazito pande zote mbili. Aliyebeba chuma alitanguliwa na mtu mikono mitupu.

Malori yalikuwa na saa yake. Maegesho ya pale mtoni hufunikwa na maji ya bamvua, kwa kuwa Thames hujaa na kupwa mpaka Teddington, juu kidogo ya jumba. Sisi tuliozaliwa pwani ya Mombasa hatuhitaji kuelezwa: mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupanda sana. Siku ile bamvua lilikuwa lijae saa kumi jioni, kwa hiyo magari yaliyoegeshwa huko yalitakiwa yaondoke kabla ya saa tisa. Hilo liliandikwa kwenye ratiba ya siku kwa wino mwekundu. Wako waliodhani ni tahadhari ya kawaida tu.

Sasa taa. Madirisha ya sebule hiyo yanatazama kaskazini, na nchini Uingereza jua la Februari halifiki upande huo kamwe. Hadithi ya filamu ilitaka jua la mchana limulike mapaja ya mwanamke anayesoma barua. Basi taa ya kilowati 18 ikapandishwa kwa lifti ya kikapu hadi usawa wa ghorofa ya kwanza, ikaelekezwa dirishani.

Hapa ndipo wengi wasiojua kazi hii hukosea. Hofu yao ni moto na kuvunjika kwa vitu, na ni hofu ya haki, lakini moto una king'ora na kiti kilichovunjika huunganishwa na fundi. Rangi ya uzi iliyopaushwa na mwanga hairudi. Mwanga haufanyi fujo, unakula kidogo kidogo, na kila saa hujumlishwa juu ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo vitambaa vya namna ile huwekewa posho ya mwaka: mwanga kiasi cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kwa jumla isiyopita luksi-saa 150,000, yaani luksi mara saa. Hesabu ni nyepesi. Saa moja chini ya luksi 600 ni sawa na saa kumi na mbili za mwanga wa kawaida wa wageni.

Kipimo kilichowekwa kwenye zulia lililo karibu na dirisha kilisoma 640.

Msimamizi wa nyumba hakukataza taa. Alisema iwake pale kamera inapochukua tu, mazoezi yote yafanyike kwa taa ndogo za ndani. Fundi taa akajibu, kwa heshima, kwamba taa ya aina ile haizimwi na kuwashwa kama balbu ya chumbani. Huhitaji dakika kadhaa ili rangi yake itulie, na ikizimwa ikiwa na moto inaweza kugoma kuwaka tena mpaka ipoe. Alisema kweli, na ukijua hilo unaacha kubishana naye na kutafuta njia. Njia ni fremu ya kitambaa cheusi kizito. Taa iliachwa inawaka, na kijana mmoja akawekwa pale nje ashushe kitambaa mbele yake kila mwongozaji anaposema basi. Ndani, mmoja wetu alikaa na saa akiandika: imefunguliwa saa ngapi, imefunikwa saa ngapi.

Baya lililotupata halikutoka kwenye taa hiyo. Asubuhi chumba kilikuwa na nyuzi 14 na unyevu wa asilimia 58. Jumba kama lile halipashwi joto kwa ajili ya starehe ya watu, hupashwa kiasi cha kuzuia unyevu usipande, kwa hiyo ndani ni baridi na waigizaji huvaa nguo za joto chini ya mavazi yao ya hariri. Kufikia saa saba mchana, watu thelathini na taa za ndani walikuwa wamepandisha joto hadi nyuzi 17 na unyevu umeshuka hadi 52. Hiyo ilitarajiwa. Halafu, ndani ya nusu saa, kipimo kilichokuwa karibu na kabati la pembe kikaonyesha 46.

Unyevu hauanguki hivyo bila sababu. Tulifuata mkondo wa hewa kwa mkono hadi mlango wa chumba cha pili, na nyuma ya kiwambo tukakuta hita ya feni, imeletwa kuwapasha waigizaji miguu, mdomo wake umeelekea mlangoni. Jambo lenyewe lilikatazwa kwenye mkataba. Ikazimwa.

Mmoja wa wasaidizi wa filamu akakimbilia dirisha, akitaka kuruhusu hewa ya nje. Alizuiwa, na sababu yake ni muhimu: pembe na mbao zilizokwisha kunywea zikipigwa na hewa mbichi ya mtoni zingetanuka kwa haraka ile ile, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakobandua. Dawa ni kutoa watu, kuzima taa za ndani, kufunga mlango na kungoja. Unyevu ulirudi 51 kwa muda wa saa moja na zaidi. Wakati huo tulimulika kabati kwa kurunzi iliyolazwa ubavuni, mwanga ukipita sambamba na uso wake ili ncha yoyote iliyoinuka itupe kivuli. Tulikagua droo moja baada ya nyingine. Hakuna kilichoinuka.

Saa iliyopotea ilikutana na bamvua. Malori ilibidi yaondoke, na lori la taa lilikuwa mojawapo, hivyo picha ya mwisho ya jua ikafutwa. Mwongozaji aliirekodi kwa mwanga wa kawaida wa dirisha, mwanamke akiwa amegeuza kiti. Kwa macho yangu ilikuwa nzuri kuliko zile za taa: mwanga wa kaskazini ni mtulivu, hauna kivuli kikali, na ndio chumba kile kilichojengewa.

Usiku tulipanga hesabu. Taa ya nje, luksi 640 kwa saa mbili na nusu, luksi-saa 1,600. Taa za ndani, wastani wa 150 kwa saa saba, 1,050. Jumla 2,650, yaani saa 53 za mwanga wa kawaida. Kwa jumba linalofunguliwa wageni saa tano kwa siku, hizo ni karibu siku kumi na moja. Msimamizi akaziandika kwenye daftari la chumba, akaagiza mapazia ya Sebule ya Kaskazini yabaki yameshushwa siku kumi na moja za kwanza za msimu, na pesa walizolipa watu wa filamu kukodi chumba ziingie kwenye fungu la kutengeneza mazulia ya ukutani.