Nilivyothibitisha kwa kalamu kuwa 524287 ni namba tasa

Nilitaka kujihakikishia mwenyewe, bila kikokotoo. Namba hii ni 2¹⁹ − 1, na Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Italia, alithibitisha kuwa ni tasa mwaka 1588, kwa kuigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine. Nikafuata njia yake.

Kipeuo chake cha pili ni 724 na ushei, hivyo hakuna haja ya kujaribu kigawo kinachozidi hapo. Lakini namba tasa zilizo chini ya 724 ni 128! Kwa 7, baki 1. Kwa 13, baki 10. Nilipofika 83 nilipitia upya kazi yangu, nikakuta mahali nimeandika 524278. Kila hesabu iliyofuata hapo ilikuwa batili. Iliniuma sana, nikafunga daftari.

Siku chache baadaye nilijiuliza swali tofauti: kigawo chenyewe, kama kipo, kingekuwa cha namna gani?

Tuseme kipo, tukiite q, nacho ni tasa. Basi 2¹⁹ ukiigawanya kwa q inabaki 1. Kwa hiyo mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea yanajirudia kila baada ya hatua 19, na hayawezi kujirudia mapema zaidi kwa kuwa 19 yenyewe ni tasa. Mwanahisabati Fermat alionyesha kwamba baada ya hatua q − 1 lazima urudi kwenye 1. Basi q − 1 inagawanyika kwa 19, na kwa kuwa q ni witiri, inagawanyika kwa 38. Hapo moyo ulinidunda. Kisha nikaona kwamba 2²⁰, ambayo ni mraba wa 2¹⁰, inaacha baki lilelile la 2, na hilo, kwa kanuni inayojulikana ya mabaki ya miraba, linailazimisha q ibaki 1 au 7 ikigawanywa kwa 8.

Sikuamini mpaka nilipoijaribu kanuni hiyo kwa 2¹¹ − 1, yaani 2047, ambayo ni 23 × 89. Hapo 38, yaani 2 × 19, inakuwa 2 × 11, yaani 22: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Kwa 8, zinabaki 7 na 1. Sawasawa kabisa.

Nikarudi kwa 524287. Zilizokidhi masharti yote mawili ni 39, 153, 191, 305, 343, 457, 495, 609 na 647. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tatu tu. Tatu, badala ya 128!

Kwa 191, baki 183. Kwa 457, baki 108. Kwa 647 niliandika taratibu, tarakimu kwa tarakimu: 647 × 810 ni 524070, baki 217. Nikazidisha tena kuhakiki. Ni 217 kweli.

Sasa niko kwenye 2³¹ − 1, yaani 2147483647, ambayo mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa. Kwa masharti yaleyale mawili, vigawo vyake tasa, kama vingekuwepo, vingelazimika kubaki 1 au 63 vikigawanywa kwa 248. Namba tasa ya kwanza ya namna hiyo ni 311, baki 35. Inayofuata ni 1303, baki 226.