Nilijua kinachoninenepesha siku nilipoichora chupa ya mafuta

Maji ya moto na limao nimekunywa miezi miwili, kila alfajiri, na tangawizi juu, maana jirani aliapa kwamba yanakata mafuta. Nilichopata ni kiungulia. Kilo zikabaki 86. Shangazi naye akasema niache ugali. Nikaacha! Wiki tatu mchana nashindia mchicha, jioni njaa inanivuta hadi kwenye chipsi mayai. Nikafika 88, na watu wakaniambia sina nia. Neno hilo liliniuma sana, kwa sababu nia nilikuwa nayo.

Aliyenisaidia ni daktari wa zahanati ya jirani hapa Temeke. Hakunigombeza. Urefu wangu ni mita 1.58; akauzidisha kwa wenyewe, akagawanya kilo zangu kwa jibu hilo, ikaja 35. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kisha akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: mama na mama wadogo wana miili gani, natumia dawa gani, nalala kiasi gani, kazi yangu ipi.

Zamani nilitembeza vitumbua kwa miguu hadi Tandika. Nilipokuwa wakala wa pesa za simu, nikawa nashinda kwenye kiti tangu asubuhi hadi usiku, kwenda na kurudi kwa bajaji, usingizi saa tano tu. Usingizi ukipungua, njaa huongezeka. Ukoo wetu nao unanenepa upesi, na hilo hakuna aliyelichagua. Ila sahani yangu ilibaki ile ile ya mtembeza vitumbua.

Daktari alitaka wiki ya kwanza niandike tu ninachokula. Mafuta nikashindwa kuyaandika, maana nilikuwa namimina kwa macho. Basi nikachukua maka peni, kila usiku baada ya kupika nachora mstari kwenye chupa pale mafuta yalipofika. Lita nzima, watu watatu, iliisha siku ya nne! Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Nikapiga hesabu kwenye simu: karibu kalori 700 kwa kila mmoja wetu kwa siku, kabla ya wali wenyewe. Yalikuwa yamejificha kwenye maharage, mchicha na chapati.

Chupa iliyofuata niliichora mapema, mistari kumi, mmoja kwa siku. Mwanangu ndiye mlinzi: "Mama, umepitisha mstari!" Elfu kadhaa zinazobaki nanunua matunda.

Chai pia. Vijiko vinne vya chai vya sukari kila kikombe, mara vikombe vitatu kwa siku, ni 12, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya siku isizidi kama sita. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi ukazoea. Jioni narudi kwa miguu.

Mwaka na miezi miwili sasa, nina kilo 77. Magoti hayaumi nikipanda ngazi, na ugali nakula kila siku.