Siku Niliyotaka Heptani

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, masika yamepamba moto, mhadhiri wetu wa kemia alipotupa zoezi la kutengeneza oktani kwa njia aliyoitangaza Charles Adolphe Wurtz, mkemia wa Ufaransa, mwaka 1855. Bromobutani, yaani mnyororo wa kaboni nne wenye bromini, hudondoshwa juu ya sodiamu iliyo ndani ya etha kavu, yaani kimiminika cha etha kisicho na maji. Bromini huondoka na sodiamu ikawa chumvi, na minyororo miwili ya kaboni nne nne huungana kuwa mmoja wa kaboni nane, ndiyo oktani. Mimi niliomba kuchanganya bromopropani, yenye kaboni tatu, na bromobutani, kwani tatu na nne ni saba, nami nilitaka heptani, yenye kaboni saba. Mhadhiri alinitazama kwa muda, akasema, "Haya, kafanye."

Fundisanifu wa maabara, mzee mpole, aliopoa kipande cha sodiamu kutoka kwenye mafuta ya taa, akakifuta, akakikata kwa kisu kama anayekata jibini. Uso uliokatwa uling'aa kama fedha, na kabla sijamaliza kuushangaa ulikwisha kufifia. Alinirudisha mara mbili kukausha vyombo. "Leo hewa yenyewe ni maji, mwanangu," alisema, na alikuwa na haki ya kuhofu, kwa sababu sodiamu ikikutana na maji hutoa haidrojeni na joto, na mvuke wa etha hauhitaji zaidi ya hapo kuwaka.

Nilidondosha mchanganyiko polepole. Etha ilianza kuchemka yenyewe, na vipande vya sodiamu vikafunikwa na unga wa chumvi. Tulipomaliza, mzee alitia alkoholi kidogo kidogo ili kuiua sodiamu iliyobaki, ndipo akaruhusu maji.

Siku iliyofuata nilikeneka, yaani niliuchemsha mchanganyiko na kuupoesha mvuke wake ili kutenganisha vimiminika. Etha ilipokwisha kutoka, nilikodolea macho kipimajoto nikingoja kisimame kwenye nyuzi 98, ambapo heptani huchemka. Matone ya kwanza yalitoka karibu na 69, nayo ni heksani, yenye kaboni sita. Zebaki ikapanda, ikasitasita karibu na 98, ikaendelea hadi 126, ambako ni oktani. Hata heptani yenyewe sikuweza kuiamini, maana bromobutani isiyoungana huchemka kwenye 101, jirani kabisa.

Nilimpelekea mhadhiri chupa zangu tatu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana, ungemzuiaje propili asikutane na propili mwenziwe?" Propili ni ule mnyororo wa kaboni tatu uliokwisha kuachwa na bromini. Akachora ubaoni: wakikutana kwa bahati tu, nusu ya minyororo itakuwa ya kaboni saba, robo ya sita, robo ya nane. Ndiyo maana njia hii hufaa hasa pale pande mbili zinapofanana. Nilinakili mchoro ule wote, mkono ukinitetemeka kwa furaha ya kuelewa.

Wiki iliyofuata nilitumia bromobutani peke yake. Kipimajoto kilipanda hadi karibu na 126, kikatulia hapo, na kioevu angavu kikadondoka hadi chupa ilipokaribia kukauka.