Mafunjo Tuliyoyarudisha Mdomoni mwa Korongo

Nilizamisha sahani nyeupe kwa mkono pale mwaloni nione maji yalivyo maangavu, ikapotea machoni kabla maji hayajanifika kiwikoni. Siku hiyo niliacha kulilaumu ziwa nikaligeukia korongo letu. Mvua ikinyesha, linashusha Ziwa Victoria tope la mashambani, samadi ya mazizini na maji ya kufulia. Zamani mdomoni mwake palisimama mafunjo mazito. Tuliyafyeka wenyewe tukalima mchicha, ndani ya zile mita 60 za ukingo ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda.

Vipando vya kwanza vilikwenda na maji. Tulivichomeka kwenye kina cha kiunoni, mvua za vuli zikaving'oa usiku mmoja. Mzee mmoja mvuvi akaniita kando: "Mjukuu wangu, funjo lianzishe topeni. Likishashika, lenyewe litaingia ziwani." Tukarudia kwenye tope la kifundoni, mashina tumeyafupisha yasiyumbishwe na upepo. Juu zaidi, ndani ya korongo, tukapiga vigingi na kusuka matawi, maji yafike yamepunguza kasi.

Kupanda kulikuwa kwepesi kuliko kumwendea mama mwenye bustani ya mchicha. Watoto wake wanasoma kwa mchicha ule. Ningemwambiaje ahame tu? Tulimtafutia kipande nje ya mpaka wa mita 60, tukamlimia sisi, tukamchotea maji hadi mavuno ya kwanza. Leo ndiye anayeongoza zamu ya kukata mafunjo.

Kukata huko wengi hawakuelewi, nami naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mafunjo hutuliza maji, tope likazama, na mizizi ikafyonza nitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani na cha gugu maji. Yakiachwa yafie palepale, yanaoza na sehemu kubwa ya uchafu inarudi ziwani. Kwa hiyo tunavuna ukanda mmoja, mwingine unabaki umesimama kuchuja, na kila mzigo unatoka majini: mwingine unafumwa majamvi, mwingine unaezeka vibanda vya kuanikia dagaa.

Mwezi uliopita, palepale, sahani niliiona hadi maji yakanifika kwapani. Ya kunywa bado tunachemsha, kwa sababu mafunjo hayamalizi vijidudu. Jumamosi tunaanza kupiga vigingi kwenye korongo la pili, lile linalopita nyuma ya soko.