Nimefika Springfield, alikoanzia Obama

Juzi nimeendesha gari kutoka Chicago mpaka Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, zaidi ya saa tatu. Kulia mahindi, kushoto mahindi. Kama Kitale tu, ila hakuna wa kukuuzia la kuchoma lenye ndimu na pilipili.

Nikapanda roshani ya wageni kwenye Seneti ya Illinois. Viti 59. Mlinzi mmoja mzee akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya. Akacheka: "Basi umekuja kumtembelea jamaa yako."

Tukimsimulia Obama, sisi huruka kutoka Kogelo, kijiji cha baba yake, moja kwa moja hadi Ikulu ya Marekani. Hii karibu miaka minane ya katikati, alipokuwa seneta wa jimbo hapa Springfield, hatuizungumzii. Na alivyoingia, jamani! Mwaka 1996 alipinga saini za wapiga kura ambazo wapinzani wake walikusanya ili wawemo kwenye karatasi ya kura, mpaka akabaki peke yake kwenye mchujo wa Democratic. Siasa ni siasa, hata kwa kijana wa Harvard.

Alipoapishwa 1997 Republican ndio walioshika Seneti, kwa hiyo miswada yake mingi iliishia njiani. Mwaka 2000 akamvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwepo, kutafuta ubunge wa Washington, akapigwa zaidi ya mbili kwa moja. Chama chake kilipopata wingi 2003 ndipo akapitisha sheria ya kuwalazimisha polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi. Sisi tunaotoka nyumbani tunajua yanayotendeka ndani ya seli.

Kurudi nikasimama kuweka petroli, nikanunua kahawa. Mbaya sana.