Mnyoo Asiye na Kinywa

Katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nchini Marekani, mhadhiri wetu wa zoolojia alituletea maabara sinia refu lenye mnyoo mkubwa wa mrija, Riftia pachyptila, aliyehifadhiwa katika spiriti, akatuagiza jambo moja tu: tutafute kinywa chake.

Tulianzia kwenye shada la matamvua, ambalo mnyoo akiwa hai huwa jekundu kwa damu, lakini hapo lilikuwa limefifia na kulegea kama nyuzi za katani zilizoloweshwa. Tulipekua kwa koleo na kiookuzi, tukakosa. Tukampasua kwa urefu tukitarajia walau utumbo, tukakuta tishu laini ya kahawia imejaa mwilini kote. Nilikuwa nimefundisha biolojia ya sekondari huko Tanga kwa miaka kadhaa, na sikuwahi kumshika mnyama mkubwa asiye na pa kuingizia chakula wala pa kutolea mabaki yake.

Ndipo mhadhiri aliposimulia. Mwaka 1977, wanajiolojia waliozamia kwa chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, waliwakuta minyoo hawa wamesongamana kwenye chemchemi za maji ya moto. Walikula nini? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1980, pale Colleen Cavanaugh, mwanafunzi wa Harvard, alipomsikia Meredith Jones wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian akitaja chembe za salfa ndani ya mnyoo, akasimama papo hapo ukumbini na kusema kwamba lazima mna bakteria humo. Tishu tuliyoifunua ndiyo makao yao: damu huwapelekea oksijeni pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi ambayo kwetu ni sumu kali, nao huitumia kuunda chakula kinachomlisha mwenyeji wao. Mnyoo akiwa mchanga huwa na kinywa na utumbo, ila hutoweka baada ya bakteria kuingia mwilini.

Mwenzangu wa mezani alishikilia kwamba mnyama huyu hahitaji jua kwa lolote. Nilimpinga, na hadi leo nampinga, kwa sababu oksijeni ile imetokana na viumbe vinavyotumia mwanga wa jua huku juu, ikashuka na maji baridi hadi kilindini. Mhadhiri hakutukatiza, nasi tuliendelea kubishana tukiosha visu.